Kamera za Kuangalia Karafuu: Tusinunue kwa Hesabu ya Megapikseli



Katika kikao cha kamati kilichopita lililetwa shauri la kununua kamera arubaini kwa fedha za akiba ya chama, moja kwa kila uwanja mkubwa wa kuanikia, zifungwe pamoja na vikompyuta vidogo ili zituangalizie karafuu mchana na usiku. Muuzaji alikuja na karatasi nzuri ya rangi, na juu ya karatasi hiyo maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote ni haya: megapikseli 12. Shauri hilo litaletwa mbele yenu katika mkutano mkuu. Sisi tunaotoa gazeti hili twaona ni vyema tuseme maoni yetu mapema, kabla mikono haijanyanyuliwa, maana fedha hiyo ilikatwa kidogo kidogo katika mwaka wa mavuno makubwa, na kila mmoja wenu ajua kuwa mwaka wa namna ile hauji kila mwaka.

Maoni yetu ni kwamba kamera ni kitu cha kufaa, lakini hizi arubaini za namna moja hazitufai. Wala hatusemi hivi kwa kuogopa vitu vipya. Twasema kwa sababu wapo wakulima wenzetu waliotutangulia katika jambo hili, nao wako mbali na bahari, kule Songwe.

Msimu uliopita wa kahawa wenzetu wawili walisafiri kwa shughuli zao mpaka Tunduma, mji wa mpakani na Zambia katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa kutoka Mbeya mwaka 2016. (Huko iko kata iitwayo Mpemba. Wenzetu, ambao wote wawili ni watu wa Pemba, walicheka sana walipoliona jina hilo kwenye kibao, na wenyeji nao wakacheka walipoelezwa sababu.) Walipomaliza shughuli zao walipelekwa na mwenyeji wao kuwatazama wakulima wa kahawa wilayani Mbozi, mwendo si mrefu kutoka Tunduma. Hapo ndipo walipoliona kasha la bati lenye jicho la kioo, limetundikwa juu ya meza ya kupokelea kahawa, na wakauliza habari zake.

Kasha lile lilitengenezwa na vijana wa Tunduma, mafundi wa simu. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuhesabu malori katika uwanja wa bwana mmoja anayeyapangisha malori nafasi ya kulala yakingoja kuvuka. Anayeijua Tunduma ajua kwa nini hesabu hiyo ina faida. Ingawa kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma kwa Nakonde, kilizinduliwa mwaka 2019, barabara ile ndiyo njia ya mizigo ya Zambia na Kongo, na malori ni mengi mno. Kamera yao ilikuwa ya bei ndogo kabisa, ya megapikseli 2, iliyobandikwa kwenye kibao kiitwacho ESP32, nayo iliwatosha. Lori ni kitu kikubwa, tena likiwa limesimama.

Kikundi cha kahawa kiliposikia kikawaita. Kikataka kasha moja lifanye kazi mbili: mchana litazame matunda yanayoletwa na wakulima, liseme katika kikapu hiki mna mabichi mangapi kati ya mekundu, na usiku lilinde vichanja ambapo kahawa iliyomenywa na kuoshwa huanikwa. Kwa ajili ya kazi ya usiku walinunua kamera ya namna ile isiyo na kichujio cha miale ya infraredi, yaani ile miale ambayo jicho la mtu haliioni ila kamera huiona. Ukiwasha taa ya miale hiyo gizani, mwizi haoni kitu, na kamera inamwona yeye. Jambo zuri sana.

Lakini jua nalo limejaa miale hiyo hiyo, na majani mabichi na matunda huirudisha kwa wingi. Kamera isiyo na kichujio ikitazama shamba mchana huona majani kama yana rangi ya waridi au zambarau, na tofauti ya wekundu na kijani hupungua. Kwa hivyo kasha la Mbozi lilipoanza kazi mchana, lilikuwa likihukumu rangi huku haliijui rangi. Mkulima mmoja aliambiwa kikapu chake kina mabichi mengi. Akakimimina chini mbele ya watu wote, wakachambua kwa mikono, na mabichi yakawa ya kuhesabika. Wenzetu wasema siku ile nusura watu washikane. Mwenyekiti wa kikundi alilifunika kasha kwa gunia mpaka vijana walipoitwa tena.

Hebu fikirini jambo hilo likitokea kwetu, mbele ya mtu aliyeparamia mkarafuu tangu alfajiri.

Walichofanya mara ya pili ndicho kinachotupa sisi somo. Waliacha kutafuta jicho moja la kazi zote. Waliweka kamera moja yenye kichujio ndani ya kasha lenye taa yake na kuta nyeusi, matunda yapite chini yake, na kamera nyingine isiyo na kichujio wakaielekeza kwenye vichanja kwa ajili ya usiku tu. Zote mbili pamoja ziligharimu chini ya ile moja waliyokuwa wameshauriwa na muuzaji. Bei peke yake isiwape taabu: kampuni ya Raspberry Pi ilipotoa kamera yake ya tatu mwezi wa Januari 2023 bei ya huko kwao ilikuwa dola 25, na ile ya lenzi za kubadilisha, iliyotoka 2020, dola 50. Mpaka ifike kisiwani bei hupanda, hilo mwalijua, lakini hata hivyo mbili za kufaa si mzigo kuliko moja isiyofaa.

Sasa tuitazame hesabu ya megapikseli, kwa kuwa ndiyo iliyopambwa kwenye karatasi ya muuzaji. Pikseli ni nukta, na picha ni nukta nyingi zilizopangwa kama shanga kwenye mkeka. Kamera ya megapikseli 12 huwa na nukta kama 4,000 kwa upana. Sakafu yetu ya kuanikia ya kawaida tuseme ina upana wa mita 6. Gawanyeni: kila nukta inabeba milimita 1 na nusu ya sakafu. Kichwa cha karafuu kina milimita 4 au 5, basi kinapata nukta tatu tu. Kwa nukta tatu hata sisi wenyewe hatuwezi kujua kama hiyo ni karafuu iliyofunga au iliyochanua, au ni kipande cha konyo. Ichukueni sasa kamera ndogo ya megapikseli 2, yenye nukta 1,600 kwa upana, muishushe mpaka iangalie sahani ya sentimita 40 tu. Kila nukta inabeba robo ya milimita, na kichwa kile kile kinapata nukta 16 na zaidi. Kamera ya bei ndogo iliyosogea karibu imeishinda ile ya bei kubwa iliyo mbali. Hesabu hii yaweza kufanywa na kijana yeyote wa skuli kwa kalamu na karatasi, nasi twashangaa kwamba hakuna aliyeifanya katika kikao.

Ukisogea karibu, hata hivyo, litakuja jambo la lenzi. Kamera nyingi za bei ndogo zimefungwa kiwandani zione sawasawa kuanzia kama mita 1 kwenda mbali. Ukiiweka sentimita 20 juu ya sahani, picha huwa ukungu mtupu, na fundi ataanza kuilaumu programu. Ziko zinazojirekebisha zenyewe, kama hiyo ya mwaka 2023 tuliyoitaja, lakini mahali ambapo umbali haubadiliki twaona heri lenzi ya kuzungusha kwa mkono kisha ikakazwa kwa skrubu, isihangaike tena. Aidha kwa habari ya mwanga: kamera nyingi hujirekebisha rangi zenyewe. Mtu akipiga picha ya harusi hilo ni neema. Kwa kazi ya kupima rangi ni balaa, maana ukiijazia sahani nyekundu yote, kamera hudhani taa ndiyo nyekundu na huipunguza. Watu wa Mbozi walizima marekebisho hayo na wakaweka kipande cha kigae cheupe pembeni mwa picha, ili programu ilinganishe kila mara. Kigae tu. Hakuna muuzaji atakayewauzia hicho.

Wapo wanachama, khasa vijana, wanaotaka siku moja tuwe na mkanda unaotembea, karafuu zipite juu yake na makonyo yapeperushwe kwa upepo. Shauri hilo twalipenda, ingawa bado liko mbali. Wakifika huko wakumbuke kwamba kamera za kawaida husoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, na kitu kinachokwenda mbio huwa kimeshasogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa. Ndiyo sababu ukipiga picha feni inayozunguka mapanga yake huonekana yamepinda. Vijana wa Tunduma waliliona jambo hilo walipoigeuza kamera yao kwenye barabara kuu: malori yaliyosimama yalikuwa malori, yaliyopita kwa kasi yalilala upande kama majahazi yenye upepo. Ziko kamera zinazochukua picha nzima kwa wakati mmoja. Moja ya namna hiyo ilitolewa na Raspberry Pi mwezi wa Machi 2023, ikitumia kitambuzi cha Sony, nayo ina megapikseli 1.6 tu. Yaani kwa kazi ya mkandani, ya megapikseli 1.6 ndiyo bora kuliko ya 12, na bei yake ilikuwa dola 50. Muuzaji wetu hakuitaja kabisa.

Upande wa umeme hatuna budi kusema kwa kirefu kidogo, kwani viwanja vyetu vingi viko mbali na nguzo. Kompyuta ndogo iliyowashwa mchana na usiku, ikila wati 3, hutumia wati 72 za saa kwa siku moja. Betri ndogo ya volti 12 na ampea 7, hizi za kengele za wezi, ina wati 84 za saa ikiwa mpya na imejaa. Basi siku ya pili asubuhi, mawingu yakikaa, kazi imekwisha. Lakini nani aliyesema kamera ikeshe? Karafuu zilizo juani hazikimbii. Kibao kidogo kama kile cha ESP32 huweza kulala, kikaamka kila dakika 10, kikapiga picha moja, kikaituma na kulala tena. Kikiwa macho sekunde 10 tu kila mara, siku nzima hakimalizi hata wati 2 za saa. Betri ile ile ingekaa wiki kadhaa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti yoyote iliyo kwenye karatasi ya muuzaji, nayo haikuandikwa humo.

Tena kwa habari ya mvua, ambayo wazee wengi waliitaja kikaoni kuwa ndiyo sababu ya kutaka kamera: kamera haihitajiki. Kibao chenye nyuzi mbili za shaba kinachopiga king'ora tone la kwanza linapokiangukia chatosha kumwamsha mtu akakunje majamvi, na ni rahisi mno.

Nyaya nazo zina mambo yake. Kamera zinazofungwa moja kwa moja kwenye vikompyuta hivi hutumia utepe mwembamba, mfupi, unaochukia kukunjwa. Ukitaka kamera iwe juu ya nguzo na kompyuta iwe ndani ya ghala, utepe haufiki. Hapo yafaa kamera ya USB, kwa mita 5 hivi, au ya waya wa mtandao unaokwenda mpaka mita 100. Na hata utepe wenyewe si wa namna moja: Raspberry Pi ya tano ina mdomo mwembamba wa pini 22, na kamera nyingi zina mdomo mpana wa pini 15. Vijana wa Tunduma waliletewa utepe usio wake, na kutoka Dar es Salaam mpaka kwao ni zaidi ya kilomita 900. Kasha lilikaa kimya wiki nzima kwa ajili ya kitu cha thamani ya kikombe cha chai. Sisi tunangoja boti. Kila kamera inunuliwe na utepe wake, na wa akiba.

Kule Mbozi adui wa kamera ni vumbi la kiangazi na umande wa baridi unaotanda juu ya kioo asubuhi. Kwetu ni chumvi ya bahari, unyevu, na buibui. Buibui hupenda kutanda mbele ya taa za usiku kwa kuwa wadudu huja hapo, na utando mmoja uking'aa mbele ya jicho, kamera huona mwizi usiku kucha. Lakini sisi tunaye adui mwingine ambaye Mbozi hawamjui, naye ni karafuu yenyewe. Mafuta ya karafuu hulainisha na kuharibu baadhi ya plastiki. Aliyewahi kuyatia katika kikombe cha plastiki dhaifu ajua. Lenzi nyingi za bei ndogo ni za plastiki, na makasha yake pia. Karibu na mtambo wa kukamulia mafuta, au ndani ya ghala lililojaa magunia, tungependa kuona kasha la chuma au alumini, kidirisha cha kioo halisi mbele ya lenzi, na kifuko cha chembe za kukausha unyevu ndani. Jambo hili muuzaji alipoulizwa alijibu kuwa kamera zake zina dhamana ya mwaka mmoja. Hilo si jibu la swali.

Kuna jambo la mwisho, nalo kwetu ni zito kuliko umeme na lenzi. Viwanja vyetu si mahali pa karafuu tu. Akina mama hukaa hapo jioni wakichambua, watoto hucheza, na wachumaji hupumzika. Kamera inayotazama uwanja mzima huwatazama wao pia, na picha zao zitakaa kwenye kompyuta ya nani? Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na iko Tume ya kuisimamia. Chama kikikusanya nyuso za watu ni lazima kijue wajibu wake. Njia rahisi ni kununua kamera ya uwezo mdogo na kuiinamisha itazame majamvi tu. Hii ni sababu nyingine ya kutotaka hizo za megapikseli 12, ambazo toka juu ya nguzo zaweza kumtambua mtu aliyekaa ng'ambo ya uwanja.

Wala kamera isifanywe hakimu wa daraja. Haioni ukavu. Kahawa ya Mbozi lazima ikaushwe mpaka unyevu ubaki kama asilimia 12, na hakuna kamera ya kawaida iliyopima hilo. Kule wana kipimo chake. Karafuu nayo twaijua kwa kuivunja kwa vidole ikalia, na kwa harufu. Mkulima akifika kituoni na magunia yake, picha yaweza kuwa shahidi wake kwamba alianika siku nne juani na hakunyeshewa, na huo ni msaada mkubwa kwake. Kusema daraja la kwanza au la pili kubaki kwa watu, wanaoweza kuulizwa wakajibu.

Kwa hivyo twapendekeza kamera arubaini zisinunuliwe msimu huu. Zinunuliwe tatu tu za namna mbalimbali: moja ndogo ya kulala na kuamka kwa ajili ya majamvi, moja yenye kichujio ndani ya kasha lenye taa kwa sahani ya kuchambulia, na moja ya usiku isiyo na kichujio kwa mlango wa ghala. Zifungwe katika kiwanja kimoja, msimu mzima, na hesabu yake iletwe mkutanoni: picha ngapi zilipotea, betri ilikaa siku ngapi, na mara ngapi kasha na mikono ya watu vilikubaliana. Vijana wetu waliosoma ufundi wazifunge wao, wasizifunge watu wa muuzaji, kwa kuwa zikiharibika katikati ya mavuno muuzaji yuko mjini.

Mwanachama mwenye kiwanja kilicho karibu na nguzo ya umeme, chenye paa japo dogo, na ambaye watu wa nyumbani kwake wamekubali, na amwandikie Katibu kabla ya mkutano mkuu. Aeleze upana wa sakafu kwa mita, na umbali kutoka sakafuni mpaka mlango wa ghala.